Fatwa ya Asilimia 99

Kuna fatwa iliyoenea miongoni mwa wenye kompyuta za kupakata, ikapokewa na mafundi, ikakaririwa na wajuzi wa kujisomea, hata sasa hakuna aulizaye tena ilitolewa kwa burhani gani: ya kwamba prosesa inayoonekana kukaa katika kasi yake ya turbo, ilhali mwenyewe hakufungua ila barua moja au ukurasa mmoja wa habari, ni prosesa iliyopotoka, na kwamba dawa yake ni kuingia katika mipango ya umeme ya Windows, kukitafuta kiwango cha juu cha prosesa, kuifuta 100 iliyoandikwa pale na kuandika 99, hapo turbo ikazimika na mashine ikatulia. Nimeisikia ikitolewa kwa watu ambao mashine zao hazikuwa na lolote, na kwa watu ambao mashine zao zilikuwa na balaa la kweli, na wote wakapewa namba ile ile. Makala haya yanaikataa. Siikatai kwa kuona kwamba kuzima turbo ni haramu, maana ziko saa ambazo mimi mwenyewe huizima na nitazitaja mbele. Naikataa kwa sababu inahukumu kwa namba isiyosema kile inachodhaniwa kusema, na kwa sababu humpa mwenye mashine ukimya wa feni mahali ambapo alistahili kupewa sababu.

Insafu yataka nianze kwa kueleza fatwa hii ilikotoka, maana haikuzuka bure. Mwezi Januari 2000 Intel ilileta katika kompyuta mpakato maarifa iliyoyaita SpeedStep, na chipu za mwanzo za Pentium III zilizokuwa nayo zilikwenda kwa megahezi 600 au 650 zikiwa zimechomekwa ukutani, na kushuka mpaka 500 zinapotegemea betri. Baadaye, ilipokuja Pentium M mwaka 2003, ngazi zikawa nyingi, na mwenye mashine aliweza kukaa akaitazama namba ikipanda anapofanya kazi na ikiteremka anapoiacha, kwa utii wa kumfurahisha mtu; na mwenye kuamrisha kupanda na kushuka huko alikuwa mfumo endeshi, nayo prosesa ilifuata tu. Zama hizo namba iliyokataa kushuka ilikuwa dalili ya haki, na fundi aliyeishuku hakukosea. Lakini mwishoni mwa 2008 pakaja Turbo Boost, ambayo huiruhusu prosesa kuvuka kasi iliyoandikwa katika kibandiko chake kila inapoona kwamba joto na umeme vina nafasi. Na mwaka 2015, kwa chipu za kizazi cha Skylake, pakaja Speed Shift, ambapo prosesa ilinyang'anya mfumo endeshi ile kazi ya kuchagua ngazi, ikawa yaamua yenyewe kwa muda mfupi mno, nao mfumo ukabaki na haki ya kunong'ona upendeleo wake kwa namba iliyo kati ya 0 na 255, sufuri ikiwa ni kutaka nguvu kabla ya yote na 255 ikiwa ni kutaka uwekevu. Serikali ilibadilika, kilichobaki mikononi mwa watu ni kipimo cha serikali iliyoondoka.

Sasa na tuitazame namba yenyewe. Dirisha la Task Manager linapoandika gigahezi 3.40, msomaji hudhani ameambiwa jinsi prosesa ilivyokwenda katika sekunde nzima iliyopita. Hasha. Kihesabio cha Windows kinachotoa kasi hiyo, kwa maelezo ya Microsoft wenyewe, hupima wastani wa utendaji wa prosesa wakati inapotekeleza amri, na wakati huo tu. Na chini yake, katika matumbo ya chipu, zimo rejista mbili ziitwazo APERF na MPERF, ambazo huhesabu mapigo kiini kinapokuwa macho na husimama kinapolala. Kwa hiyo kiini kilichofanya kazi sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kikalala sehemu kumi na tisa zilizobaki, kitaandikiwa 3.40, na kiini kilichotaabika sekunde nzima bila kupumua kitaandikiwa 3.40 vilevile. Hamali wa bandarini aliyezoea kubeba gunia kwa mwendo wa mbio, kisha akaketi kivulini mpaka aitwe tena, ukimpima mwendo pale tu gunia liwapo begani utaandika daftarini kwamba mtu huyu hukimbia usiku na mchana. Na lililo baya zaidi, mpimaji mwenyewe kila ajapo na daftari lake huja na gunia jingine, maana lile dirisha la kupimia nalo ni programu, na huiamsha prosesa kila sekunde ili lijichore upya. Atakaye kuusadiki ukweli huu kwa macho yake na afungue HWiNFO, ambayo huonyesha, kando ya kasi ya kawaida, kasi halisi iliyokwisha kuhesabu na usingizi. Ataona kiini kile kile, katika dakika ile ile, kikiandikiwa gigahezi tatu na ushei upande mmoja na makumi machache ya megahezi upande wa pili, na zote mbili ni kweli.

Usingizi ninaoutaja si neno la kupamba. Ulikwisha kuwekewa kanuni tangu Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa sharia za ACPI, na daraja zake hujulikana kwa herufi C: C0 ni kuwa macho, C1 ni kusimamishiwa mapigo, C6 ni kuhifadhiwa yaliyomo kisha kukatiwa umeme hata volti ikawa karibu na sufuri, na katika chipu za miaka ya karibuni kiini huteremka, pamoja na jamaa zake wote wanaokaa nacho katika kipande kimoja cha silikoni, mpaka C10. Kiini kilichokatiwa umeme hakina kasi ya turbo wala ya msingi. Kukilaumu kwa namba kiliyokuwa nayo kabla ya kulala ni kukihukumu kwa jambo ambalo hakilitendi.

Nichukue chipu moja ambayo imejaa katika ofisi na majumba, na ambayo hufika Kariakoo na Luthuli ndani ya mipakato ya mkono wa pili: Core i5-8250U, iliyotoka Agosti 2017, yenye viini vinne, kasi ya msingi ya gigahezi 1.6, kasi ya turbo ya 3.4, na haki ya kula umeme wa wati 15. Hizo wati 15 ni mpaka wa muda mrefu, ambao mtengeneza mashine aweza kuulegeza au kuukaza. Juu yake upo mpaka wa muda mfupi, ambao huruhusu kuzidisha kwa sekunde chache, 28 zikiwa ndizo za kawaida, kisha mlango hufungwa. Viini vyote vinne vikitwishwa kazi nzito, kama kubadili umbo la filamu ndefu, havitoshelezwi na wati 15 kwa gigahezi 3.4, na hivyo baada ya nusu dakika prosesa hujiteremsha yenyewe mpaka kasi ambayo posho yake yaweza kuilisha. Aliyenifuata hadi hapa ameshaona tunakokwenda: katika mashine ya namna hii, namba inayokaa 3.4 saa nzima bila kutetereka ni ushahidi kwamba mzigo ni mwepesi, kwa kuwa mzigo ungekuwa mzito namba isingeweza kukaa. Wanaoishika kasi ya turbo kuwa ni shahidi wa mashtaka wamemwita mahakamani shahidi wa utetezi. Nastahiki kuweka sharti moja: programu moja iliyopotea njia, ikazunguka bila kikomo katika kiini kimoja, yaweza kutosheka na posho ya wati 15 na kuikalisha namba juu mchana kutwa, na hiyo ndiyo sababu ya kutoridhika na namba ya kasi, iwe yatisha au yatuliza.

Wapinzani wangu wana hoja moja yenye uzito, nami sitaipita kando. Umeme unaoliwa na saketi inapobadili hali huenda sambamba na kasi yake, na huenda sambamba na kipeo cha pili cha volti; na kwa kuwa kasi kubwa hudai volti kubwa, kazi ile ile moja ikifanywa kwa turbo hugharimu umeme mwingi kuliko ikifanywa taratibu. Tuseme volti ilikuwa 0.8 kwa kasi ya msingi na ikapanda hadi 1.1 kwa turbo: gharama ya kila tendo itakuwa imekaribia kuzidi maradufu. Hili ni kweli, na wale wanaodai kwamba kumaliza upesi ili kulala upesi daima ni uwekevu wanasema zaidi ya wanachokijua. Ila hoja hii haimalizi hesabu. Chukua mpakato wenye betri ya watisaa 50, ambao kioo chake, kumbukumbu zake na vinginevyo vyote hula wati 5.5, na ambao prosesa yake, mwenyewe anaposoma na kuandika, huwa macho kwa asilimia 3 ya muda na kula wati 15 katika muda huo. Wastani wa prosesa ni wati 0.45, na betri itadumu saa 8 na dakika 24. Zima turbo, tuseme kazi sasa yataka asilimia 6 ya muda kwa wati 6, wastani ni 0.36, na betri itadumu saa 8 na dakika 32. Fatwa imeleta faida ya dakika 8 kwa siku, na kwa dakika hizo 8 mwenye mashine amelipa karibu nusu ya kasi yake katika kila faili aliyoifungua na kila ukurasa alioungoja.

Na sasa tuiingize katika mashine hiyo hiyo programu iliyopotea njia, isiyolala kamwe. Kwa turbo, mashine hula wati 20.5 na betri yafa kabla ya saa mbili na nusu. Turbo ikizimwa, hula 11.5, na betri yafika saa 4 na dakika 20 hivi; feni yapoa, mwenyewe ashukuru, fundi apokea ujira wake. Programu ile ikitafutwa na kufungwa, betri hurudi saa 8 na dakika 24, turbo ikiwapo. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu, na msomaji yu huru kuweka zake. Atakalolikuta ni lile lile, kwamba mahali pasipo na maradhi fatwa hupunguza kidogo sana, na mahali penye maradhi hupunguza vya kutosha kumfanya mgonjwa aache kulalamika huku mlaji wake angali mwilini.

Upande wa joto, husemwa kwa hofu kwamba turbo huiunguza chipu. Chipu niliyoitaja ina mpaka wa nyuzi 100 za Selsiasi, na ikiukaribia hujipunguza yenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Wako watakaonikumbusha yaliyozipata chipu za kompyuta za mezani za Intel, za kizazi cha 13 na cha 14, zilizoanza kuangusha programu na kuharibika kabla ya wakati, hata kampuni ikalazimika mwaka 2024 kuongeza dhamana yake kwa miaka miwili. Naam, mfano ni wa kweli, na kwa ukweli wake huo unawageukia. Intel ilieleza Julai mwaka huo kwamba maagizo ya ndani ya chipu yalikuwa yakiomba volti kubwa kupita kiasi. Ikatoa sahihisho mwezi Agosti, kisha jingine Septemba, na hili la Septemba lilihusu volti iliyoombwa kupita kiasi wakati prosesa iko katika mapumziko au kazi nyepesi. Dhara lilitoka katika volti, na sehemu yake ilipatikana katika utulivu ule ule ambao mtazama-kasi angeuona kuwa ndiyo afya. Tena kampuni ilisema kwamba chipu za mipakato za vizazi hivyo hazikupatwa na kadhia hiyo.

Ikiwa kasi haifai kuwa hakimu, ni nani afaaye? Wati. Tangu kizazi cha Sandy Bridge, mwaka 2011, prosesa za Intel hutoa hesabu ya umeme zinaoula zenyewe, na AMD walifuata; HWiNFO huisoma hesabu hiyo katika Windows, na katika Linux huisoma turbostat, ambayo kwa heshima ya mtumiaji huandika katika mstari mmoja sehemu ya muda kiini kilipokuwa macho, kasi yake kilipokuwa macho, na wati za chipu nzima, ili asije mtu akaichukua moja akaziacha nyingine. Prosesa ya daraja la wati 15, ikiwa katika mapumziko ya kweli, hula wati moja au mbili, pengine chini ya hapo. Ikila hizo, na namba ya kasi ikasoma 3.4, hakuna kesi; funga dirisha ukafanye kazi yako. Ikila hizo na bado mashine i moto na feni yapiga kelele, kosa liko katika kupoza: vumbi limeziba mapezi ya shaba, au ile dawa ya kijivu ipakwayo baina ya chipu na bamba lake imekauka, au mpakato umewekwa juu ya godoro na tundu zake za hewa zimezibwa kwa shuka; na hapo bisibisi na brashi vina kazi, turbo haina. Lakini ikila wati 8 au 10 pasipo mtu kufanya lolote, basi yuko mtu ndani anayefanya, na wajibu ni kumtafuta.

Kumtafuta huko ndiko sehemu ya kazi ninayoipenda, na ndiko fatwa inakokuua. Aghalabu mtu hufungua Task Manager, akapanga programu kwa asilimia za dakika ile, akaona zote zimelala, akahitimisha kwamba kosa ni la prosesa. Hajui kwamba ziko programu hasidi zilizofundishwa kusimama mara tu dirisha hilo linapofunguliwa na kurudi kazini linapofungwa. Feni inayonyamaza kila ufunguapo Task Manager ni dalili ya kuogopwa kuliko feni inayopiga kelele. Mwenye mashine na aongeze, katika orodha ya kina, safu ya jumla ya muda wa prosesa, ambayo hulimbikiza tangu programu ilipoanza, na aipange kwa hiyo. Anayekula kwa siri huonekana kwa alichokwisha kula. Huko atakutana na wengi wasio na hatia: mtafutaji wa Windows anayeorodhesha faili baada ya kunakiliwa folda kubwa, mlinzi wa Defender anayekagua, masahihisho ya mfumo yanayojipanga, hawa wana kazi yenye mwisho, na mwungwana huwaacha wamalize, tena kwa turbo, ili wamalize upesi. Wengine hawana mwisho. Kati ya Septemba 2017 na Machi 2019 palikuwapo huduma iliyoitwa Coinhive, ambayo kwa mistari michache iliyopachikwa katika ukurasa wa tovuti ilizitumikisha prosesa za wasomaji katika kuchimba sarafu ya Monero, mara nyingi bila idhini yao. Na mtu aliyetii fatwa ya 99 katika miaka hiyo, huku ukurasa wa namna hiyo u wazi katika kivinjari chake, hakufanya ila kumpunguzia mwizi mapato.

Yuko pia mwamshaji asiyeonekana katika asilimia za programu yoyote. Windows kwa desturi hujiamsha kila milisekunde 15.6, yaani mara 64 kwa sekunde, lakini programu yaweza kuomba iamshwe kila milisekunde moja, mara 1,000 kwa sekunde, na kabla ya toleo la 2004 la Windows 10 ombi la programu moja liliufunga mfumo mzima, hata viini vikakosa nafasi ya kuteremka katika usingizi mzito. Kichezeshi cha muziki kilichoachwa kimesimama, au kivinjari chenye tabia mbaya, kiliweza kufanya hivyo siku nzima bila kufika asilimia moja ya kazi. Vilevile programu endeshi ya kifaa, ya kadi ya mtandao au ya kitu kilichochomekwa katika tundu la USB, huweza kuibughudhi prosesa kwa miito isiyokoma, na hapo lawama huandikwa katika mstari wa miito ya mfumo, ambao fundi mwenye haraka huupita akidhani ni mambo ya ndani ya Windows. Chomoa vifaa kimoja kimoja na uzitazame wati. Ni kazi ya kitoto, na imetatua mengi.

Nimebakiza hali ambayo kasi kweli imefungwa juu kwa amri, nayo hata haihitaji ushahidi wa kitaalamu. Katika mpango wa umeme wa nguvu kubwa, kiwango cha chini cha prosesa huandikwa asilimia 100, ilhali katika mpango wa wastani huandikwa 5. Na wengi hawajui kwamba mpakato wao huja na programu ya mtengenezaji, yenye vitufe vya kupendeza vya kuchagua utulivu au nguvu, ambayo huubadilisha mpango huo kwa siri kila mashine inapowashwa. Hapa mwenye mashine ana haki ya kusema kwamba namba imekwama. Dawa yake ni kurudi katika mpango wa wastani na kuinyamazisha ile programu, na haina uhusiano wowote na kiwango cha juu. Anayekifunga kiwango cha juu kwa 99 huku cha chini kikiwa 100 ameifungia prosesa chumbani isiweze kupanda wala kushuka, kisha ameita hali hiyo suluhu. Mara chache zaidi, mtu wa kabla yako aliingia katika BIOS akazizima zile daraja za usingizi kwa kutaka kuongeza kasi ya michezo. Zirudishe, na wati zitateremka huku kasi inayoandikwa ikibaki pale pale ilipokuwa, jambo ambalo litamshangaza yule tu anayeiamini.

Wenye Linux wasijione wamesalimika. Kwao mzozo umehamia katika majina: wameona kwamba msimamizi aitwaye powersave, chini ya dereva aitwaye intel_pstate, bado huiacha prosesa ifike turbo, wakalia kwamba wamedanganywa, kumbe jina hilo katika dereva huyo halimaanishi kasi ya chini kabisa kama lilivyomaanisha zamani, bali humaanisha kuiachia chipu uamuzi kwa kufuata upendeleo ilionong'onezwa. Sitakaa hapo. Atakaye kumpata mwamshaji, programu ya PowerTOP ipo tangu 2007, na humtaja mwamshaji kwa jina na kwa idadi ya mara alizoamsha.

Niliahidi kuzitaja saa ambazo mimi mwenyewe huizima turbo. Ninapokuwa na kazi ndefu isiyo na haraka, ya kugeuza filamu au kukokotoa usiku kucha, na umeme ni wa betri au wa paneli ya jua, ile hoja ya kipeo cha pili cha volti hunishinda kwa haki na nazima. Ninapoandika mahali ambapo kelele ya feni ni utovu wa adabu, nazima. Chumbani Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, mpakato ukiwa mapajani, nazima kwa ajili ya mapaja. Katika yote hayo najua ninachokiuza na ninachokinunua, na kazi ikiisha nairudisha. Aliyepewa 99 na fundi wake hajui kwamba ameuza kitu. Ataishi na mashine hiyo miaka mitatu, akiona kwamba imezeeka, kisha ataiuza kwa bei ya mashine iliyozeeka, na atakayeinunua ataanza naye kutafuta sababu ya uzito wake katika kumbukumbu, katika diski, katika Windows, popote isipokuwa katika ile namba.

Watasema, na wamesema, kwamba haya ni maneno ya mtu mwenye nafasi. Kwamba fundi ana foleni mlangoni, na mteja hataki darsa la volti, anataka feni inyamaze kabla ya adhuhuri. Sawa. Na afungue dirisha la amri kwa idhini ya msimamizi, aandike powercfg /energy, kisha asimame pembeni anywe maji. Windows itaichunguza mashine kwa sekunde 60 na kuacha ripoti inayotaja programu zilizoomba kuamshwa kila milisekunde, vifaa vya USB vinavyokataa kulala, kiasi cha kazi ambayo prosesa ilikuwa nayo na ni programu zipi zilizoifanya, na kiwango cha chini cha prosesa ikiwa kimefungwa asilimia 100, hili la mwisho likiandikwa waziwazi kuwa ni kasoro. Sekunde 60. Kuuingia mpango wa umeme, kuandika 99, kuhifadhi, kuiwasha mashine upya na kumweleza mteja, wiki ijayo, kwa nini hesabu zake za Excel sasa zafunguka kwa kujikongoja, kunachukua muda mrefu kuliko huo.